Wheatland, Lancaster: nilikwenda kumtetea Buchanan

Jumamosi, nimetoka shifti ya usiku ghalani na macho mekundu, nilimchukua baba mdogo aliyekuja kututembelea kutoka Kigoma, nikampeleka Wheatland, nyumba ya James Buchanan, rais wa 15 wa Marekani. Hapa Lancaster, Pennsylvania, Waswahili tupo, ila lile jumba la matofali wengi tunalipita tu. Mimi nimelipita miaka sita.

Nakiri nilikwenda na huruma. Wanahistoria wakipanga marais, huyu humweka mkiani au jirani na mkia: eti alikaa kitako nchi ikipasuka kuelekea vita ya wenyewe kwa wenyewe, majimbo ya Kusini yenye utumwa dhidi ya Kaskazini. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nimesikia wazee wakimaliza kila mjadala wa vita kwa kumtupia lawama mtu mmoja, kana kwamba wengine wote walikuwa wamelala. Nikasema labda na huyu kasingiziwa.

Nyumba ni ya 1828, yeye aliinunua 1848. Mama aliyetutembeza anajua kusimulia, si kasuku. Alianza na Anne Coleman, mchumba wa Buchanan: uchumba ulivunjika 1819 na binti akafariki mwaka huohuo. Buchanan hakuoa mpaka kufa. Ikulu, wageni walipokelewa na mpwa wake, Harriet Lane. Nilipomnong'oneza baba mdogo tafsiri, aliguna: "Kapera mpaka uzeeni, na ukoo ukanyamaza?"

Chumba cha kusomea ndicho kilichonikamata. Humo nilimtetea kimoyomoyo. Mapema Desemba 1860, South Carolina ilipokaribia kujitoa katika Muungano, alisema jimbo halina haki ya kujitoa, ila na yeye hana sheria ya kulirudisha kwa nguvu. Kauli ya wakili, sawa. Lakini Sumter, ngome ya jeshi la serikali kuu huko South Carolina, hakuikabidhi. Januari 1861 alipeleka meli, Star of the West, iwapelekee waliokuwa ngomeni askari wa kuwaongezea nguvu na chakula, ikapigwa mizinga ikageuza. Alipomwachia Lincoln kiti tarehe 4 Machi, majimbo saba yalikuwa yameondoka, ila vita ilikuwa haijaanza. Mizinga ya Sumter ililia Aprili 12. Kwa hiyo uzembe si kosa lake.

Ila nikiendelea kuuliza maswali, utetezi wangu ukaanza kuvuja. Mwaka 1857, kabla hata ya kuapishwa, alikuwa akiandikiana na majaji wa Mahakama ya Juu kuhusu kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake. Alimbana jaji Grier, mtu wa Pennsylvania mwenzake, aungane na majaji wa Kusini. Halafu siku ya kuapishwa akawaambia watu watii uamuzi wowote utakaotolewa, kama vile hajui kitakachokuja. Siku mbili baadaye mahakama ikasema mtu mweusi, awe mtumwa au huru, si raia. Mwaka uliofuata akalishinikiza Bunge lipokee katiba ya Lecompton, ya kuingiza utumwa Kansas, ambayo wakazi wenyewe walishaikataa kwa kura. Akagawa vyeo ili ipite. Akagombana na Stephen Douglas, seneta mwenzake wa chama cha Democratic, chama chao kikavunjika vipande, na uchaguzi wa 1860 Lincoln akapita.

Watu humpigia ile methali ya usipoziba ufa. Mimi naona ufa huu aliuchimba kwa patasi, na kwa bidii. Wanaomwita mvivu wanampunguzia kesi.

Mzee mwenyewe alirudi hapa, akaandika kitabu cha kujitetea 1866, akafa 1868 katika nyumba hii akiamini historia itamsafisha.

Nyumba naipa nyota 5. Mwenye nyumba 1, na hiyo ni ya Sumter. Kama unaleta wazee, jueni kuna ngazi.

Tulimalizia makaburini. Buchanan yuko Woodward Hill. Kisha tukaenda Shreiner-Concord alikozikwa Thaddeus Stevens, mbunge wa mji huuhuu na adui mkubwa wa utumwa, aliyekufa mwaka huohuo wa 1868. Alichagua kulala pale kwa sababu makaburi yale yalipokea watu wa rangi zote. Nilipomweleza hilo baba mdogo alivua kofia. Kwa Buchanan hakuivua. Alisema jua lilikuwa kali.