VMAX 1700 na V-Rod: pikipiki ipi inaifaa Malindi?

Zote mbili hazitengenezwi tena: V-Rod ya Harley-Davidson iliachwa 2017, VMAX ya Yamaha 2020. Kwa nguvu hakuna ubishi. VMAX, silinda nne na injini ya sisi (cc) 1679, ina nguvu za farasi karibu 200. V-Rod ya 2008 kuendelea, sisi 1247, kama 120. Lakini tangi la VMAX ni lita 15 tu. Kwenda Mombasa na kurudi kwa kasi, lazima ujaze njiani. V-Rod hubeba karibu 19.

Kwetu pwani, hata hivyo, kinachoamua ni mchanga na chumvi. Gurudumu la nyuma la V-Rod huzungushwa kwa mkanda. Kijiwe kikinasa kati yake na puli huutoboa, na kuubadilisha ni hadi ufungue mkono wa nyuma unaoshika gurudumu. VMAX, badala ya mkanda, ina shafti iliyofunikwa: badilisha oili ya difu (giabosi ya gurudumu la nyuma), basi. Kwa hilo pekee, VMAX ndiyo ya kuchukua.

V-Rod ina ugonjwa mwingine: betri ikidhoofika, injini hurudisha teke wakati wa kuiwasha na klachi ya stata (mota ya kuwashia) huvunjika. Tairi yake ya nyuma, milimita 240, ni shida kuipata.

Ziosheni kwa maji yasiyo na chumvi, si ya kisima cha chumvi, hasa radieta na viungio vya nyaya.