Uzoefu wangu: viatu vya mtumba vya soli laini kwenye miamba ya Mwanza

Kwa anayetaka jibu kabla ya maelezo, kwa miamba ya Mwanza kiatu chepesi cha kupandia mawe, chenye soli ya mpira laini isiyo na meno marefu, kinafaa kuliko buti la mlimani linalouzwa kwa bei mara nne yake. Nimevivaa viatu vya aina hii kiangazi chote, nikiwa na marafiki ambao kila Jumamosi iliyo njema hunitoa nyumbani kwenda kupanda vilima vya Ilemela au, mfuko unaporuhusu, kisiwa cha Saanane. Nilivinunua kwenye soko la mitumba la Mlango Mmoja kwa shilingi 45,000 baada ya kupatana kwa muda mrefu. Chapa sitaitaja, kwa kuwa mnunuzi wa mtumba hukuta kilichofunguliwa kwenye belo siku hiyo, na jina alilolitamani huenda lisitokee mwaka mzima. La maana ni kuzijua sifa.

Kwa mbali huonekana kama raba za kawaida. Ukivishika utaona kwamba kamba zinashuka hadi karibu kabisa na vidole, ncha ya mbele imezungushiwa mpira, na sehemu ya soli iliyo chini ya kidole gumba ni bapa, haina michirizi wala meno. Sehemu hiyo bapa ndiyo unayoilipia. Graniti ya Mwanza, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, imechomoza chembe ngumu kila mahali, na mpira laini unapokandamizwa na uzito wa mwili huingia katika vibonde vilivyo kati ya chembe hizo na kushika. Soli yenye meno makubwa hugusa jiwe kwa ncha za meno tu, na ncha zenyewe hupinda mara mteremko unapozidi, ndipo mvaaji anapohisi kwamba mguu unamkimbia. Pimbi, ambao pale Saanane hupanda mawe yaliyokaribia kusimama wima bila kufikiri mara mbili, wana nyayo laini zinazonesa, na tezi zilizomo huzitia unyevu ili zishike zaidi. Sisi tusio na tezi hizo inatubidi tununue mpira.

Tofauti niliiona vizuri zaidi Saanane, kisiwa kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kutangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ambacho mtu hukifikia kwa safari fupi ya boti. Njia ya kwenda juu si ndefu, lakini kuna mahali ambapo inakupasa kuacha kutembea na kuanza kutumia mikono: bamba la mwamba lililoinama, halafu ufa unaopitisha mwili kwa ubavu, halafu jiwe la kujivuta kwa viganja. Mmoja wetu alikuwa amevaa buti alilolinunua kwa ajili ya Kilimanjaro, zito, gumu, lenye shingo inayofunga kifundo cha mguu. Ni buti zuri kwa lilikotengenezewa, yaani tope, changarawe na baridi. Juu ya bamba lile liliteleza hatua ya kwanza, likateleza ya pili, mpaka kijana aliyetuongoza akamwambia kwa upole, “Kaka, hilo ni la matope, hapa vua tu upande peku.” Akavua, akapanda peku, na buti akalining'iniza shingoni hadi kileleni. Mimi nilipita pale nikiwa nimesimama wima, mikono mitupu, nikikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu na kuacha kisigino kishuke ili mpira mwingi uguse jiwe.

Kuhusu kupanda peku, watoto wa vilimani hufanya hivyo kila siku na hakuna kiatu kitakachowashinda. Ila nyayo zao zimezoea, na jiwe la saa saba mchana huunguza. Katambuga nazo tulizijaribu kwa udadisi. Mpira wa tairi umetengenezwa udumu barabarani, kwa hiyo ni mgumu mno kujibana kwenye chembe, na mguu huchezacheza ndani yake.

Viatu hivi vina maadui wawili, maji na joto. Usiku ziwa letu lina kawaida ya kuzaa radi na mvua, kwa hiyo asubuhi ambayo jiji limeamka na jua unaweza kukuta miamba bado ina unyevu, hasa kwenye michirizi myeusi na madoa ya kijivu ya uoto mwembamba unaoshika juu ya jiwe. Hapo soli bapa huwa hatari kuliko buti, kwa sababu haina njia ya kuyatoa maji pembeni. Sisi husubiri hadi saa tatu hivi, jiwe likauke, na kufikia saa tano tunataka tuwe tumeshaanza kushuka, maana jua likipanda mpira hulainika kupita kiasi na ushikaji hupungua. Ukishuka kwenye boti usiyakanyage maji ya kina kifupi: utaanza kupanda ukiwa na soli iliyolowa, achilia mbali kichocho.

Kasoro zipo. Soli ni nyembamba, na ukitembea nazo umbali mrefu kwenye barabara ya mawe utalala ukiwa na nyayo zinazowaka. Kifundo cha mguu hakina kinga, hivyo mwenye historia ya kuteguka afikirie upya. Kasoro kubwa kuliko zote ni uchakavu: graniti hii ni msasa, na mpira uleule unaoshika kwa ulaini wake ndio unaoliwa haraka. Vyangu tayari vimepungua upande wa kidole gumba cha kulia, mguu ninaoutanguliza. Kwa sababu hiyo sivivai mjini, hata kama dada yangu anasema vinapendeza kuliko viatu vyangu vya kazini.

Ukienda kununua, bonyeza soli kwa ukucha. Ikiacha alama inayorudi taratibu, mpira bado uko hai. Ukucha ukiteleza kama kwenye plastiki, mpira umezeeka na hautashika chochote, hata kiatu kiwe kinang'aa kiasi gani, kwa kuwa mpira hukauka na kuwa mgumu hata ukikaa stoo. Kunja kiatu katikati na utazame kama gundi inaachia pembeni. Chagua saizi inayobana kidogo bila kukunja vidole, maana mguu ukicheza ndani ya kiatu, ushikaji wa soli hausaidii kitu.

Gundi ya vyangu iliachia kwenye ncha baada ya kuvianika juani, na fundi wa mtaani aliirudisha kwa shilingi 3,000, kazi safi. Alijitolea pia kubandika soli mpya, ngumu, “itakayokaa miaka”. Nilikataa, na nawashauri mkatae, kwa kuwa soli hiyo ingegeuza kiatu cha miamba kuwa raba ya kuendea sokoni. Mpira halisi wa kupandia sijauona ukiuzwa hapa Mwanza, kwa hiyo soli ikiisha nitarudi Mlango Mmoja siku ya kufungua belo, asubuhi na mapema, kabla wauzaji wa reja reja hawajachambua.