Kangaga dogo la milimani: mmea nyota 5, kibandiko chake nyota 2

Niko Christchurch, New Zealand, na kama umewahi kuishi huku unaujua ule upepo wa kaskazini magharibi, unapanda milima ya Southern Alps, mvua yote unaimwaga upande wa pili, ukitufikia sisi ni mkavu na wa moto kama mtu kafungua oveni. Ndo huko huko mi nikaenda kitalu kimoja nje ya mji nikanunua kangaga, Blechnum penna-marina, vyungu 3, dola 9 kila kimoja. Ni la asili ya huku, linaota mpaka juu milimani, so baridi haliiogopi kabisa.

Kibandiko kimeandikwa "jua au kivuli". Nikauliza maji je, mhudumu akasema ya kawaida tu. Haya. Viwili nikapanda mbele pembeni ya njia ya gari, jua la kutwa, cha tatu nikakichomeka tu nyuma upande wa kusini (huku kusini ndo kwenye kivuli, ilinichukua muda kuzoea) pale bomba la paa linapomwaga maji ya mvua, udongo haukauki hata Januari, katikati ya kiangazi cha huku.

Aisee mwanzoni vya mbele vilikuwa vizuri kuliko cha nyuma, machipukizi yakipigwa na jua yanakuwa mekundu kama shaba. Nikasafiri siku 4, upepo ukapita, narudi majani yanavunjika mkononi kama krispi. Nikamwagilia wiki mbili, wapi. Kwa hiyo jua linalivumilia kweli, ila mizizi iwe kwenye unyevu muda wote, na hilo kibandiko hakisemi!!

Cha nyuma huu mwaka wa pili kimetambaa upana wa beseni la kufulia. Ukikwaruza udongo kidogo unaona shina lake linapita chinichini, jembamba, jeusi kama waya wa chaja, na kila hatua linatoa majani. Ya kawaida yamelala, hayafiki shibiri, ila yale yenye spora (vumbi la kuzaliana, kama mbegu) yanasimama wima katikati, membamba, kama kitana kilichong'oka meno, geuza jani uone hizo spora chini yake, kahawia. Winta yote lilibaki kijani.

Mwezi wa 9 nilikata kipande na kisu cha jikoni, kiwaya na majani matatu, nikampa jirani mwenye kijidimbwi. Jana kaniita nione, lake limetoa jani jipya, jekundu, bado limejikunja.