Stika ya kilomita 5,000 na foleni za Dar: tunaipima oili ya 5W-30

Wadau, habari zenu, karibuni. Hapa mezani nina galoni la lita 4, oili ya injini 5W-30 (hiyo ni namba ya uzito wake), sintetiki, ya gari za petroli. Jina la kampuni nimeliziba kwa tepu makusudi, maana wengi mnaoniuliza hamuulizi kampuni. Mnauliza, "Kaka, nimwage lini?" Fundi kakubandikia stika kwenye kioo, 5,000, na wewe unaisubiri hiyo 5,000 ifike.

Piga hesabu na mimi. Mwenzako anakwenda Morogoro na kurudi, barabara nyeupe, wastani wa kilomita 50 kwa saa. Akifikisha 5,000, injini yake imefanya kazi saa 100. Wewe unatoka Mbagala kwenda Posta, kiyoyozi kinavuma, umesimama Mtongani watu wanakuuzia karanga dirishani. Tuseme wastani wako ni kilomita 15 kwa saa. Zako 5,000 ni saa 333! Stika ileile, na mara nyingine fundi yuleyule. Gari ikisimama kwenye foleni, kilomita hazisogei, lakini oili inaendelea kupigwa joto na kupokea uchafu wa petroli iliyoungua.

Na hili watengenezaji wanalijua. Kwa soko la Japani, Toyota nyingi za petroli zisizo na tabo zimeandikiwa kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Watu wakiona hapo wanafurahi, wanafunga kitabu. Teremka kidogo usome mstari wa matumizi magumu: kilomita 7,500 au miezi 6. Safari fupifupi, mwendo wa kusimamasimama, vumbi. Hapo ni Dar imeelezwa bila kutajwa jina.

Msimamo wangu kwa oili kama hii: ukiwa mtu wa foleni kila siku, au unabeba abiria wa mtandaoni, mwaga kwenye 5,000 au miezi 6, kinachotangulia. Na wale ambao gari inatoka Jumapili tu, msiringe na kilomita chache. Nyie angalieni tarehe.

Rangi je? Oili nyeusi si lazima iwe imekufa. Ndani yake kuna dawa ya kusafisha, kazi yake ni kubeba masizi yasigande kwenye injini, kwa hiyo lazima ichafuke. Ya kukutisha ni ile inayofanana na chai ya maziwa, au ukifungua kifuniko unakuta ute mweupe mzito. Hayo ni maji. Yanaweza kuwa unyevu wa safari fupi, inaweza kuwa gasketi ya silinda hedi, mwite fundi. Na ile taa nyekundu ya birika kwenye dashibodi haikukumbushi servisi, inakwambia presha ya oili imeshuka. Zima injini hapohapo.

Tugeuze galoni. Hapa nyuma kuna duara limeandikwa API SP, ndiyo alama ya kiwango cha oili. S ni injini za petroli, na herufi inayofuata ikisogea mbele, kiwango ni kipya zaidi: SN ni cha 2010, SP cha 2020. Wenye dizeli mtafute inayoanza na C. Hii ndiyo sababu oili ya kupima kutoka kwenye pipa siipendi. Utasoma nini pale?

Sasa ubishi wa mafundi wa Gerezani: "Dar joto, weka nzito, 20W-50." Ndugu yangu, injini ikishapata moto, thamostati inaishikilia kwenye nyuzi 90 hivi, uwe Temeke au Njombe. Kama kitabu au kifuniko cha oili kinasema 5W-30, na injini ni ya VVT-i, ile inayotumia presha ya oili kurekebisha muda wa valvu, mpe 5W-30. Injini iliyochoka, inayokula oili, hapo namwelewa fundi akiweka nzito kidogo. Ila ajue anafunika ugonjwa.

Gari ndiyo kwanza imetoka bandarini? Angalia kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, mara nyingi kuna stika ya Kijapani ya lini oili ilimwagwa mara ya mwisho. Miaka yao wanaihesabu kwa enzi ya Reiwa: ukiona R5, ni mwaka 2023, R6, 2024. Mimi hata ikiwa ya juzi namwaga, na filta mpya juu.

Galoni hili linakutosha? IST na Vitz zenye injini ya 1NZ zinakula lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo kinabaki kidogo cha kuongezea. Usimruhusu fundi amimine lote eti lisibaki. Ikizidi alama ya juu ya stiki ya kupimia oili inaweza kupigwa povu, na povu halilainishi chuma. Awashe dakika moja, azime, msubiri ishuke, mpime pamoja, mchungulie filta kama haivuji. Ile chafu isiende mtaroni, wapo wanaoihitaji kupaka mbao dhidi ya mchwa.

Kwa gari ndogo za petroli hii nimeipitisha. Wa Noah na Hiace, msinunue galoni moja kabla hamjaangalia injini yenu inakula lita ngapi.