Dola 640 kwa mpira wa dola sita

Nilisema niache siku chache zipite nisije nikaandika kwa hasira. Zimepita, hasira iko palepale.

Gari-nyumba letu ni kuukuu, injini V10 ya petroli, tulilinunua mkononi kwa mzee mmoja hapa Phoenix, Marekani. Kiangazi hiki likaanza vituko. Kwenye tambarare AC ya dashibodi inakupuliza usoni baridi safi kabisa. Ukianza kupanda kwenda Flagstaff, barabara inayokutoa kama mita 330 hadi mita 2,100, upepo unakufa usoni unahamia kwenye kioo cha mbele. Nikiinua mguu kwenye mafuta, unarudi. Nikikanyaga, unapotea. Mama Salma akasema hilo gari lina jini, tukawasha jenereta tutumie AC ya juu ya paa, mafuta yakawa yanakwisha kama maji.

Nikalipeleka gereji ya magari ya aina hii, jina nawastiri. Nikamweleza kijana wa kaunta kama nilivyoeleza hapa. Akamtazama mwenzake, wakacheka. Halafu akaniuliza, taratibu, neno kwa neno, kama anamsemesha mtoto: huko Afrika magari yana AC kweli? Mimi, niliyekulia Tanga, ambako mwezi wa pili shati linakuganda mgongoni kabla hujamaliza chai! Nilimeza mate tu. Gari walikuwa nalo wao.

Wakakaa nalo karibu wiki mbili. Wakaongeza gesi ya AC, ile R134a, wakabadilisha swichi ya presha, wakaandika "vifaa vidogovidogo" dola 38 bila kusema ni vifaa gani. Jumla dola 640. Nikatoka nalo, kilima cha kwanza tu, upepo huo kwenye kioo. Nikawapigia. Wakasema magari haya ndivyo yalivyo, nizoee.

Aliyenitoa gizani ni Mkongo mmoja dereva wa lori, tunasali msikiti mmoja. Akaniambia niwashe injini, akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akatulia. "Papa, gazi iko muzuri. Sikiliza, kuko kitu inalia." Kweli bwana, fyuuuu, kama pancha ya baiskeli. Tukafuata kampira keusi kembamba hadi kwenye injini, kameungua na joto, kamekauka, ukikapinda kanavunjika kama ubua. Vile vipazia vinavyoelekeza upepo vinavutwa na mfyonzo wa injini, unaopita kwenye kampira hako. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, mfyonzo unapungua, na kama kuna tundu basi haubaki hata wa kushikilia. Vikiachiwa, upepo wenyewe unakwenda kwenye kioo. Waliounda waliona afadhali dereva aone barabara hata kama anatoka jasho. Kwa hiyo wa kwenu akija na hadithi kama yangu, msiguse gesi kwanza. Tegeni sikio.

Mpira mpya, dola sita. Kaka yule nilipompa hela akakataa, akaomba pilau.

Wiki iliyopita tumepanda tena, mguu wangu chini kabisa, na mkono wa Mama Salma mbele ya tundu la upepo njia nzima kana kwamba analinda mshumaa. Haukuhama hata mara moja. Tena baridi kuliko zamani, mpaka Salma akaomba shuka. Hapo nikaona nisiwe mdhalimu: huenda gesi ilikuwa pungufu kweli, na kazi hiyo walifanya vizuri, na mashine wanazo. Wakanitumia ujumbe niwape nyota. Nikaweka tatu.

Nikakumbuka lile swali, neno kwa neno, na yale macho aliyomtupia mwenzake. Nikashusha hadi mbili. Na hizo dola 38 za vifaa vidogovidogo, nikashusha hadi moja. Haishuki zaidi ya hapo, nimejaribu.