Dividii za watunzi nyimbo wa Hollywood: hadithi za uongo, nyimbo mashalla

Wale mnaopita kwenye maduka ya mali za kontena hapa mjini mnajua, ukishamaliza mafriji na magodoro ya Ulaya huwa kuna pembe moja wametupa vitabu, kaseti na dividii ambazo hakuna mtu anazitaka, sasa mie ndio mteja wa pembe hiyo. Safari hii nimekuta furushi la picha za zamani za Marekani na zote za aina moja, maisha ya watu waliotunga nyimbo. Sio waimbaji, watunzi. Inaonekana kuna mtu huko Uingereza alikuwa akizikusanya, sijui kafa sijui kahama, vitu vyake vikapakiwa. Disiki moja 3,000, ukibeba zote jamaa anakushushia. Nimebeba zote, nimetizama zote, na kwa vile naona bado wanashusha nyengine basi ntasema ipi ya kuchukua na ipi ya kumwachia mwenyewe dukani.

Kwanza mjue mnanunua nini. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1930 mpaka miaka ya 1950 studio kubwa za kule, hasa Warner Bros. na MGM, zilikuwa na mchezo mmoja, wanamchukua mtunzi maarufu, wanalipia nyimbo zake, wanamtafutia stelingi mwenye sura kuliko yeye mwenyewe, wanamzulia mchumba, halafu kila baada ya muda mfupi hadithi inasimama mtu anaimba. Ukiwa umelelewa na picha za Kihindi hutoshangaa hata kidogo. Wazee wetu waliokuwa wakienda sinema ya Majestic pale Vuga wangezifuata hizi bila ya kujua neno moja la Kiingereza.

Ila hadithi jamani. Watu wametia chumvi gunia zima. Chukua Night and Day ya 1946, maisha ya Cole Porter, na anayemuigiza ni Cary Grant. Porter wanamjeruhi vitani Ufaransa, jeraha ambalo hakulipata. Ndoa yake na Linda imefanywa mapenzi ya kawaida ya ugomvi na kupatana, wakati mambo yake ya ndani yalikuwa mengine kabisa na Hollywood ya 1946 isingethubutu hata kuyanusa. La kweli lipo pia, mwaka 1937 farasi alimwangukia akamvunja miguu yote miwili na mateso yake hayakwisha maisha. Na kuna ile sehemu ya kutunga wimbo wenyewe wa jina la filamu: Cary Grant kakaa kwenye piano, saa ya ukutani inagonga tik tik, mvua nje inadondoka, anasikiliza saa, anasikiliza mvua, anagusa piano, tayari, wimbo umekuja. Nilicheka peke yangu. Rangi nzuri, nguo nzuri, Mary Martin anaimba wimbo wake mwenyewe uliompa jina na hapo ndio pazuri, mengine yote unaweza ukaenda kupika chai ukarudi. Hii iacheni.

Yankee Doodle Dandy ya 1942 ni habari nyengine. Hii ni ya George M. Cohan, mtunzi, muigizaji, mchezaji, kila kitu yeye, na aliyemuigiza ni James Cagney ambaye watu walimzoea kwa picha za majambazi. Kumbe kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa jukwaani, na ukimuona anavyocheza miguu imekakamaa kama mbao huku kiwiliwili kimeinamia mbele unajua huyu hakufundishwa juzi kwa ajili ya filamu. Alipata Oscar kwa hii. Muongozaji ni Michael Curtiz, ndie huyo huyo aliyekuja kuongoza Night and Day, kwa hivyo tatizo la ile nyengine sio muongozaji. Walianza kuipiga siku moja baada ya Bandari ya Pearl kushambuliwa, Disemba 1941, kwa hivyo uzalendo umejaa mpaka unamwagika, bendera kila pembe. Uongo pia upo: Cohan alioa mara mbili, humu ana mke mmoja tu na wamempa jina la Mary ili lilingane na wimbo. Hata ile siku ya kuzaliwa ya tarehe 4 Julai aliyokuwa akijisifia, cheti kinasema tarehe 3. Lakini sikuchoka hata dakika moja. Mwisho kuna pale anatoka kwa Rais, anateremka ngazi za Ikulu yao, anateremka taratibu kama mzee, mara miguu inaanza yenyewe, anazimaliza ngazi zote kwa kucheza. Nimerudisha na rimoti nikaitizama tena. Angalizo kwa wenye watoto: kuna sehemu familia ya Cohan wamejipaka masizi usoni kujifanya weusi, ndio ilivyokuwa kwenye majukwaa yao ya zamani, na haipo kwenye hii peke yake. Msishtukizwe nayo mbele ya watoto mkakosa la kuwaambia.

Rhapsody in Blue ya 1945, ya George Gershwin, nimeitizama na ami yangu ambaye zamani alipiga fidla kwenye taarab na hana subira na muziki wa kuigiza. Anayemuigiza Gershwin ni Robert Alda, na kila akikaa kwenye piano ami anasema "huyo hapigi, anapapasa tu". Mara akatokea Oscar Levant, ambaye alikuwa rafiki wa kweli wa Gershwin na humu anajiigiza mwenyewe, akaweka mikono kwenye piano, ami akanyamaza. Halafu akasema "huyu sasa". Hii ndio faida ya hizi picha ambayo huipati kwenye filamu za sasa hivi za wanamuziki: watu wenyewe walikuwa bado wapo. Paul Whiteman, kiongozi wa okestra aliyempa Gershwin kazi ya kutunga muziki ule wa 1924 wenye jina hili hili la filamu na kuupiga mara ya kwanza pale Aeolian Hall New York, yumo mwenyewe na tumbo lake. Al Jolson yumo. Anne Brown, aliyekuwa Bess wa kwanza kabisa jukwaani kwenye opera ya Gershwin, Porgy and Bess, yumo anaimba Summertime na hapo hata kelele za mtaani hutozisikia. Wale wanawake wawili wanaogombania moyo wa Gershwin ni wa kubuni, hakuoa yule bwana, alifariki 1937 kwa uvimbe wa ubongo na ana miaka 38 tu. Ndefu, inazidi saa mbili, ila mimi nasema chukua.

Sasa ile inayowaponza wengi, Till the Clouds Roll By ya 1946, ya Jerome Kern. Utaiona kila pahala, kava tofauti tofauti, na bei yake huwa ya chini kuliko zote, na sababu ipo. MGM hawakuiandikisha upya hakimiliki miaka 28 ilipokwisha, ikawa mali ya kila mtu, basi yeyote mwenye nakala yoyote anachapa disiki anauza. Yangu ilikuwa ya hao hao. Nyuso rangi ya embe bivu, weusi umekuwa kijivu, sauti kama mtu anaimba ndani ya ndoo, na pembeni picha imekatwa mpaka wachezaji wa mwisho wa mstari wana nusu ya mwili. Kava limeandikwa imesafishwa kwa ubora wa juu. Kama utaikuta yenye nembo ya Warner nyuma ya kava basi hiyo ndio ya kuchukua, nyengine zote hata ukipewa bure fikiria.

Na inaniuma kwa sababu ndani yake mna mambo. Kern mwenyewe alifariki Novemba 1945 filamu bado inatengenezwa. Hadithi ya maisha yake ni nyepesi, wamemzulia rafiki mkubwa anaitwa Hessler ambaye hajapata kuwepo duniani ili tu apate mtu wa kuzungumza nae. Lakini ona Judy Garland anavyoimba huku anaosha masahani, marundo ya masahani mbele yake, ile sio mapambo, alikuwa na mimba ya Liza Minnelli na sahani ndio zinaficha tumbo. Ona Lena Horne. Huyu mama mweusi, mzuri, sauti kama asali, na wamempanga aimbe peke yake bila ya kusemeshana na mtu yeyote kwenye hadithi, kwa sababu sehemu zake zilikuwa zikikatwa kwenye sinema za majimbo ya kusini ya Marekani zisionyeshwe, na filamu ikaendelea kana kwamba hakuwahi kuwepo. Ukishajua hivyo hutoweza kuitizama kama mwanzo. Halafu mwisho wanamleta Frank Sinatra, kijana mwembamba, suti nyeupe, kasimama juu ya nguzo nyeupe, anaimba Ol' Man River, wimbo wa mchukuzi mweusi aliyechoka na kazi za mtoni! Sauti nzuri siwezi kusema uongo, lakini jamani suti nyeupe. Wimbo huo huo mwanzoni kauimba Caleb Peterson, na baada yake hukuwa na haja ya kuurudia.

Words and Music, ya Rodgers na Hart, 1948: ngoma ya Gene Kelly na Vera-Ellen, basi. Hart alikuwa na huzuni ya kweli maishani, ulevi ulimmaliza akafa na miaka 48, humu wamempa Mickey Rooney arukeruke.

Iliyonishangaza ni Three Little Words ya 1950, ambayo sikuitarajia kitu. Fred Astaire na Red Skelton, watunzi wawili, Bert Kalmar wa maneno na Harry Ruby wa muziki. Hakuna vita, hakuna anayekufa kwa maradhi, ni watu wawili wanafanya kazi pamoja, wanagombana kwa upuuzi, wananuniana miaka, wanapatanishwa na wake zao. Ruby ana sauti moja anaipiga tokea mwanzo wa picha, Kalmar hapati maneno ya kuitia, kila ikija inakataliwa, na maneno yanakuja kupatikana mwisho kabisa. Hii ndio kazi ya kutunga ninavyoijua. Ukikaa na watu wa taarab watakwambia, mashairi yana mtu wake, anayeyatia sauti mtu mwengine, muimbaji mwengine tena, na shairi linaweza kulala kwenye daftari mpaka lisahaulike halafu siku moja mtu akalipatia sauti. Klabu kama Ikhwani Safaa ipo tokea 1905, nyimbo zake watu wanaziimba harusini mpaka leo, muulize mtu nani katunga maneno haya, atakutajia aliyeimba. Hollywood kwa uongo wao wote walau walimtia mtunzi kwenye bango.

Na sasa ile niliyoificha isiazimwe na mtu. St. Louis Blues, 1958, ya W. C. Handy, mtunzi mweusi wa nyimbo za blues, haina rangi, wala sio ya MGM wala Warner, ni Paramount. Handy ni Nat King Cole. Baba yake ni mchungaji, na kwa mzee huyu muziki wowote usio wa kanisani ni wa shetani, mtoto anaupenda huo huo wa shetani. Picha nzima ni hiyo tu. Wapo Eartha Kitt, Pearl Bailey, Mahalia Jackson, Ella Fitzgerald anatokea, na Handy mdogo anaigizwa na Billy Preston akiwa mtoto. Nat King Cole si muigizaji sana, uso wake ni mmoja muda wote, lakini mbele ya baba ule ukimya unafaa, mtoto wa watu mwenye adabu hambishii mzee, anainamisha kichwa halafu usiku anakwenda kupiga. Filamu inamfanya apofuke kwa muda kwa mgogoro wa moyo, mambo ya senema, upofu wa kweli ulimjia uzeeni. La kweli nililolipenda zaidi ni lile alilolisimulia mwenyewe, kwamba utotoni alidunduliza pesa akanunua gitaa, baba akamuamuru alirudishe dukani akabadilishe kamusi. Kamusi! Halafu baba huyo huyo akamlipia mafunzo ya kinanda cha kanisa.

Bi mkubwa hajui Kiingereza, lakini alipomuona yule mzee anasimama mlangoni na sura ile akaniambia "huyu kama babu yako, mwanangu, udi wa taarab ukiingia nyumba hii yeye anatoka". Sikuhitaji kumtafsiria tena. Mwisho wimbo wenyewe wa jina la filamu unapigwa na okestra kubwa Aeolian Hall, ukumbi ule ule wa Gershwin, na mzee amekwenda kusikiliza. Handy wa kweli alifariki mwisho wa Machi 1958, siku chache tu kabla haijaanza kuonyeshwa. Siti wetu, Siti binti Saad wa taarab, aliyetoka Fumba kuuza vyungu mjini na 1928 akaenda Bombay kurikodi santuri, tunaye kwenye kitabu cha Shaaban Robert, na wakati wote natizama hii nilikuwa namuweka yeye pale badala ya Handy.

Kwa upande wa duka: bei sawa, lugha ya muuzaji nzuri, lakini kava la Words and Music nilikuta ndani mna disiki ya mazoezi ya viungo ikabidi nirudi nayo, akanibadilishia kwa kununa. Disiki nyingi ni za Uingereza, zina kodi ya eneo, yaani namba inayoiambia deki disiki ni ya upande gani wa dunia, Ulaya namba 2, sisi huku tumewekwa namba 5, deki za bei rahisi za Kichina zinasoma zote bila ya maneno ila laptopu itakuuliza ubadilishe kodi na ruhusa ni mara tano tu kisha inajifunga moja kwa moja, kwa hivyo tumia deki. Maandishi ya chini ya Kiingereza yapo kwenye nyingi, Kiswahili msitarajie. Deki ya kujaribia anayo pale nyuma ya mafriji, anasema mbovu, sio mbovu, mwambie achomeke uone ndio umpe pesa.