Taa ya LED ya wati 100 kwa pilipili mbuzi za ndani, uzoefu wangu hapa Stockholm

Wakuu, watu wameniuliza sana kuhusu taa niliyofunga juu ya pilipili zangu sebuleni, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja, anayetaka kununua apime mwenyewe.

Niko Stockholm, Sweden. Disemba huku jua linatoka kwenye saa tatu kasorobo asubuhi na kabla ya saa tisa mchana limeshazama, tena siku nyingi ni mawingu tupu. Pilipili mbuzi ukiiweka dirishani kipindi hicho inaota vizuri tu, halafu inaanza kurefuka kama mtu anayechungulia ukutani, shina jembamba, majani yamepauka, na matunda ndo usahau kabisa. Mbegu zenyewe nilizitoa kwenye pilipili za duka la Waafrika, sikuagiza nyumbani, maana tangu Disemba 2019 mbegu za pilipili zinazotoka nje ya Umoja wa Ulaya zinatakiwa ziwe na cheti cha afya ya mimea, nikaona usumbufu wote wa nini.

Taa yenyewe ni paneli bapa ya LED nyeupe, haina feni kwa hiyo haipigi kelele, ina kitufe cha kuzungusha kupunguza au kuongeza mwanga, inaning'inia kwa kamba mbili. Nililipa kronor elfu moja na mia mbili na kitu. Kampuni sitaji, sitaki ionekane tangazo, na kusema kweli paneli za namna hii zinafanana sana, angalia tu zile wati.

Na hapo kwenye wati ndo pa kuwa makini jamani. Jamaa yangu mmoja aliagiza mtandaoni ile taa ya zambarau, boksi limeandikwa 1000W kwa herufi kubwa, tukaichomeka kwenye kimita kile cha soketi kinachosoma umeme, ikasoma wati sabini na kitu. Elfu moja iko wapi? Wanachofanya ni kuhesabu diodi, vile vitaa vidogo vilivyo ndani ya paneli, mfano zipo 100 na kila moja kwenye karatasi inaweza kubeba wati 10, basi wanazidisha wanaandika 1000, wakati ndani zinaendeshwa kwa umeme mdogo sana. Yangu nilivyoipima ilisoma 101, na tangazo lilisema 100, hapo nikaridhika. Muuzaji asiyeandika wati zinazotoka ukutani mimi nampita.

Kingine ni lumeni. Lumeni ni kipimo cha jicho la binadamu, na jicho letu linapenda zaidi kijani, mmea hauna habari na hilo. Mmea unatumia mwanga wa nanomita 400 hadi 700, na kipimo chake ni maikromoli za fotoni, yaani chembe za mwanga, zinazotua kwenye mita moja ya mraba kila sekunde, wenyewe wanaita PPFD. Kifaa halisi cha kupimia ni bei mbaya, mi nilitumia programu ya simu inaitwa Photone, unabandika kakaratasi keupe juu ya kamera ya mbele mwanga utawanyike halafu unailaza simu usawa wa majani. Kwa urefu wa sentimita 45 hivi katikati ilinipa kama 450, nikisogea pembeni inashuka hadi 200 na ushee. Sio kifaa cha maabara lakini inakuonyesha tofauti ya katikati na pembeni, na hiyo tofauti ndo inayoamua mche gani ukae wapi.

Hesabu yake iko hivi, PPFD ya 400 ukiiwasha saa 14 unapata kama moli 20 za mwanga kwa siku, na pilipili inayozaa inataka moli 20 kwenda juu. Nje hapa Disemba haifiki hata 5. Siku ya jua kali Dar inapita 30, ndo maana mama zetu wanatupa mbegu nyuma ya jiko na mmea unazaa bila kuombwa.

Matokeo sasa. Miche minne iliyo chini ya paneli imenenepa shina, pingili fupi, majani kijani kizito. Miwili ya pembeni imezaa lakini kichoyo, matunda ya kuhesabu. Kwa hiyo tangazo likisema taa ya wati 100 inatosha mita moja kwa mita moja, we fikiria sentimita 60 kwa 60 kwa mimea ya kuzaa, zaidi ya hapo ni ya miche midogo. Miche midogo yenyewe weka mwanga nusu tu. Nilijaribu makusudi kushusha taa mpaka karibu na majani ikiwa imefunguliwa yote, majani ya juu yakajikunja kingo kwenda juu, nikaipandisha yakatulia.

Nyeupe naipenda kuliko zambarau kwa sababu moja kubwa, unaona ugonjwa. Vidukari walinivamia mwezi wa pili, wa kijani kabisa chini ya jani, chini ya ile zambarau ya jamaa kila kitu ni cheusi cheusi hata jani la njano hulioni. Halafu zambarau dirishani usiku majirani wanaanza kujiuliza unalima nini huko ndani, na wote tunajua wanawaza nini.

Umeme, wati 100 kwa saa 14 ni uniti 1.4 kwa siku, uniti 42 kwa mwezi. Kwa bei ninayolipa pamoja na ada ya gridi, kama kronor 2 kwa uniti, inakuja 80 na ushee. Ukisema ni pilipili za bei rahisi hapana, lakini dukani kipakti chenyewe kina pilipili tatu nne tu na harufu hakuna. Taima ya soketi nunua, usitegemee kukumbuka.

Ambacho taa haitakusaidia ni maua kudondoka. Yangu yalidondoka ya kutosha pale mmea ulipokuwa juu ya redieta, kile kipasha joto cha ukutani, pilipili ikizidi nyuzi 32 inaachia maua, na usiku baridi chini ya 15 vilevile. Nikahamisha. Na ndani hakuna nyuki wala upepo, kwa hiyo asubuhi napita nagonga gonga maua kwa kidole, mwingine anatumia mswaki wa umeme.

Kasoro yake ni mng'ao. Mama watoto hawezi kuangalia TV taa ikiwaka, inabidi izime saa moja jioni, kwa hiyo inawaka kuanzia saa kumi na moja alfajiri na sebule nzima inakuwa kama mchana sisi tumelala. Ukiwa na chumba kimoja tu fikiria hilo kabla ya bei.

Nataka kuongeza ya pili kwa ile miwili ya pembeni, nawaza zile ndefu za mirija badala ya paneli. Mwenye nazo aniambie kama mwanga pembeni unafika sawa na katikati, na wati zake ukutani ni ngapi.